Mwanagenzi wa ukaguzi wa hesabu: kazi utakazopewa, na pale wageni wanapoharibu

Swali la msomaji: "Nimemaliza shahada ya uhasibu na kampuni moja ya ukaguzi hapa Dar es Salaam imenichukua kama mwanagenzi kuanzia Januari. Chuoni tulisoma viwango vya ukaguzi, lakini sijawahi kushika faili la mteja. Nitapewa kazi gani hasa? Wageni hukosea wapi? Na mtihani wa bodi nifanye Mei au nisubiri Novemba?"

Jibu:

Januari si mwezi wa kuingia ofisini polepole. Kampuni nyingi nchini hufunga hesabu Desemba 31, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia Juni 30. Ndiyo maana kuanzia Januari hadi Juni wakaguzi wanaonekana ofisini kwao kwa nadra. Utapewa mafunzo ya siku chache, kompyuta na jina la mteja, kisha utajikuta kwenye chumba cha mikutano cha watu wengine, maboksi ya vocha, yaani hati za malipo, yamekuzunguka.

Kabla ya kuzitaja kazi zenyewe, elewa nafasi yako. Maoni ya ukaguzi ni ya mshirika, mmoja wa wenye kampuni ya ukaguzi, anayesaini ripoti. Wewe unaletewa kipande kidogo: akaunti za benki, orodha ya mishahara, stoo moja ya Mbagala. Katika kipande hicho unatakiwa kukusanya ushahidi na kuuandika kiasi kwamba mkaguzi mzoefu asiyewahi kumwona mteja huyo aweze kusoma karatasi yako na kujua ulichofanya, ulichokiona na ulichohitimisha, bila kukupigia simu. Kipimo hicho kimo kwenye kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 230, na ndicho utakachopimiwa na kila meneja atakayepitia kazi yako. Mwanagenzi mwenye akili nyingi na karatasi mbovu huhesabiwa kuwa hajafanya kazi.

Stoo

Mteja mwenye bidhaa huhesabu mali yake Desemba 31 au siku za karibu, na kazi ya kwenda kushuhudia hupewa wageni. Wengi hudhani wanatumwa kuhesabu. Wanaohesabu ni wafanyakazi wa mteja. Wewe unaangalia kama wanafuata utaratibu waliojiwekea, kisha unarudia kuhesabu sehemu ya mali kwa majaribio.

Fika mapema, zoezi halijaanza. Omba orodha ya stoo zote, pamoja na mali iliyoko kwa mawakala au bado bandarini. Halafu andika namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mzigo na namba ya hati ya mwisho ya kutolea mzigo. Usiridhike kuambiwa, vishike vitabu vyenyewe uone. Namba hizo mbili ndizo zitakazoiwezesha timu, mwezi Machi, kujua kama mauzo yaliyoandikwa Desemba yaliondoka stoo Desemba kweli, au yalisogezwa nyuma ili mwaka uonekane mzuri. Ukisahau kuziandika siku ile, hakuna namna ya kuzipata baadaye ambayo utaiamini.

Majaribio yana pande mbili na zote ni za lazima. Chagua vitu kwenye karatasi ya hesabu, nenda sakafuni ukavitafute: hapo unapima kama mali iliyoandikwa ipo. Kisha chagua vitu sakafuni, rudi kwenye karatasi uone kama vimeandikwa: hapo unapima kama kuna mali iliyoachwa. Mgeni hufanya upande wa kwanza tu kwa sababu ni rahisi, orodha iko mkononi. Akiulizwa kama orodha imekamilika, hana jibu.

Makosa ya stoo hujirudia mwaka hadi mwaka. La kwanza ni kipimo. Karatasi inasema 240, mhesabuji amehesabu pisi, mfumo unasoma katoni za pisi 24. Thamani imezidishwa mara 24 na hakuna aliyeshtuka. Kila unapoandika idadi, andika na kipimo chake: katoni, pisi, mfuko wa kilo 50, lita. La pili ni rundo. Mifuko ya saruji hupangwa ikaonekana imejaa, kumbe katikati ni tupu. Zunguka, panda ngazi, omba wasogeze safu moja. Boksi lililofungwa lifunguliwe, walau machache utakayochagua mwenyewe, si yale ya mbele unayoonyeshwa. La tatu ni mali ya watu wengine iliyowekwa stoo kwa mauzo ya kamisheni, ambayo haistahili kuhesabiwa. Muulize mtunza stoo moja kwa moja, maana mara nyingi anajua na hakuna aliyemuuliza. La nne ni mali iliyooza, iliyopitwa na tarehe au yenye vumbi la miaka miwili. Ipo, ndiyo, lakini huenda isiuzike kwa bei iliyonunuliwa. Andika jina lake, idadi, hali yake na tarehe ya kuisha muda, ili anayekagua thamani awe na pa kuanzia.

Lori likiingia au kutoka wakati wa kuhesabu, simama, andika kilichobebwa na namba ya hati. Na usiondoke bila nakala au picha ya karatasi zote za hesabu, zenye saini. Karatasi za hesabu zikibaki kwa mteja peke yake, mwezi Machi utaletewa orodha safi iliyochapwa, wala hutajua kama ndiyo ile.

Kama mteja amehesabu baada ya mwaka kufungwa, itabidi urudishe hesabu nyuma. Tuseme Januari 6 asubuhi mmehesabu mifuko 412. Kati ya Januari 1 na 5 ilitoka mifuko 130 na kuingia 200. Iliyokuwepo Desemba 31 ni 412 + 130 − 200, yaani 342. Kanuni ni nyepesi. Wageni hugeuza alama, wakajumlisha kilichoingia. Jiulize kila mara: usiku wa Desemba 31 mfuko huu ulikuwa humu ndani?

Benki

Benki huonekana kazi nyepesi, na kwa hakika ndiyo mahali pazuri pa kujifunza, kwa sababu ushahidi unatoka kwa mtu wa nje. Barua ya uthibitisho husainiwa na watia saini wa akaunti ya mteja ili kuiruhusu benki itoe taarifa, lakini inapelekwa na nyinyi na majibu yanarudi kwenu moja kwa moja. Mhasibu wa mteja akikuambia, "Usijali, mimi nina rafiki pale benki, nitakuletea jibu kesho," mshukuru na umweleze kwamba utaratibu hauruhusu. Barua iliyopitia mikononi mwa mteja imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama kila kilichoandikwa ndani ni kweli. Anza mapema, kwa kuwa majibu huchelewa, na benki nyingi hukata ada kwenye akaunti ya mteja. Akaunti isiyo na salio la kukata ada hukwamisha barua wiki nzima bila mtu kukuambia.

Omba uthibitisho wa akaunti zote, hata zenye sifuri na zilizofungwa ndani ya mwaka. Jibu likifika usisome salio tu. Soma mikopo, dhamana zilizotolewa na mali iliyowekwa rehani, maana hizo hutakiwa kuonekana kwenye maelezo ya hesabu. Linganisha orodha ya akaunti na faili la mwaka jana: akaunti iliyokuwepo mwaka jana na mwaka huu haitajwi popote inahitaji maelezo. Usisahau pochi za simu. Mfanyabiashara anayepokea malipo kwa lipa namba ana fedha kule, na wahasibu wengi hungoja mpaka zihamie benki ndipo waziandike. Omba taarifa ya kila lipa namba hadi Desemba 31 na uone salio lake.

Sasa usuluhisho wenyewe, yaani karatasi inayoeleza kwa nini salio la leja (kitabu cha hesabu cha mteja) halilingani na salio la benki. Hatua ni hizi: jumlisha mwenyewe karatasi yote, usiamini jumla iliyochapwa. Linganisha salio la leja na urari (orodha ya masalio ya akaunti zote), na salio la benki na barua ya uthibitisho. Kisha chukua kila kitu kilicho katikati, hundi ambazo hazijafika benki na fedha zilizo njiani, ukavitafute kwenye taarifa ya benki ya Januari na Februari. Fedha iliyopelekwa benki Desemba 31 inatakiwa kuonekana siku za mwanzo za Januari. Ikionekana Februari 20, au isionekane kabisa, huenda mtu ameitumia na anaficha pengo. Hundi iliyokaa miezi 6 bila kufika benki, uliza kama ilitolewa kweli au imekaa kwenye droo ya meneja.

Na kuna mstari mmoja utakaoukuta kwenye usuluhisho wa kampuni nyingi: "tofauti isiyojulikana, sh. 18,400." Kishawishi ni kuupita, fedha ndogo. Usiupite. Sh. 18,400 inaweza kuwa baki la milioni 62 upande huu na karibu milioni 62 upande ule. Tofauti halisi huijui hadi umejua imetoka wapi. Iandike, uliza, andika jibu ulilopewa na ulichofanya kulithibitisha.

Vocha

Hapa ndipo wiki zako nyingi zitakapoishia. Utapewa orodha ya miamala, tuseme 25, utafute nyaraka zake. Kwa malipo angalia jina la mlipwaji, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, idhini ya mtu mwenye mamlaka, oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo, ankara yenye jina la kampuni yenyewe wala si la mkurugenzi, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), na fedha kuonekana ikitoka benki. Mwisho angalia akaunti iliyotumika: gari la mkurugenzi likitengenezwa nyumbani kwake na kuandikwa "matengenezo ya mitambo", vocha inaweza kuwa kamili na bado ikawa na tatizo.

Risiti ya EFD usiitazame kwa macho tu. Ina namba ya uhakiki. Iingize kwenye tovuti ya TRA uone kama kiasi, tarehe na muuzaji vinalingana. Inachukua dakika moja na risiti za kughushi hukamatwa hapo.

Fanya na hesabu ya kodi. Chukua ankara ya kampuni ya ulinzi: huduma sh. 5,000,000, VAT asilimia 18 ni 900,000, jumla 5,900,000. Kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata na kuipeleka TRA, kwa huduma ya mkazi ni asilimia 5 ya kiasi kisicho na VAT, yaani 250,000. Benki inatakiwa itoke 5,650,000, na zile 250,000 zionekane zimelipwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukikuta zimetoka 5,900,000 zote, kodi haikukatwa na mteja anaweza kudaiwa yeye. Ukikuta 5,605,000, mhasibu amekata asilimia 5 ya jumla yenye VAT. Tofauti ya 45,000 kwa ankara moja si kitu, ila ni kosa la mfumo wake wa kukokotoa, kwa hiyo limerudiwa mwaka mzima.

Mwelekeo wa jaribio ndio kitu ninachokiona kikichanganywa zaidi ya vyote. Ukianzia kwenye leja kwenda kwenye nyaraka, unapima kama kilichoandikwa kilitokea. Ukianzia kwenye nyaraka kwenda kwenye leja, unapima kama kilichotokea kiliandikwa. Mgeni akiambiwa apime kama mauzo yote yameandikwa, huchukua leja ya mauzo, akachagua ankara 25, akazikuta zote, akaandika "mauzo yamekamilika." Hajapima chochote. Mauzo yaliyofichwa hayamo kwenye leja, utayachaguaje kutoka humo? Alipaswa kuanzia kwenye vitabu vya hati za kutolea mzigo, afuate namba kwa mfululizo na kuuliza kila namba iliyorukwa.

Kwa mauzo kuna jaribio jingine lenye faida kubwa kwa kazi ndogo. Jumlisha mauzo ya ritani 12 za VAT, weka kando ya leja ya mauzo na kando ya ripoti za Z, yaani majumuisho ya mauzo ya kila siku, za mashine za EFD. Namba tatu hizo mara chache hulingana, na sababu halali zipo: mauzo yaliyosamehewa kodi, hati za kupunguza deni, malipo ya awali, gari lililouzwa. Andika kila sababu na kiasi chake mpaka tofauti iishe. Ikigoma kuisha, mpe kiongozi wa timu mapema, usingoje siku ya kufunga kazi.

Nyaraka ikikosekana, usibadilishe sampuli. Nasisitiza kwa sababu mhasibu wa mteja atakuomba kwa upole: "Hiyo vocha 318 imepotea, chukua 319, si zote ni za mafuta?" Vocha iliyopotea ndiyo matokeo ya jaribio. Ukiiondoa na kuweka nyingine, sampuli yako imechaguliwa na mteja. Andika kwamba haikupatikana, mpe muda wa kuitafuta, na ikishindikana iende kwenye orodha ya kasoro.

Mishahara na wadaiwa

Mishahara ni hesabu, na utaipenda. Chagua wafanyakazi wachache, ukokotoe upya. Kwa mshahara wa sh. 1,200,000, mchango wa mfanyakazi NSSF ni asilimia 10, yaani 120,000; unaobaki kutozwa kodi ni 1,080,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kiasi kinachozidi milioni moja, yaani 24,000, jumla 152,000. Anabaki na 928,000 kama hana makato mengine. Wageni hutoza kodi kwenye 1,200,000 nzima, kisha wanamtuhumu mhasibu kwamba amekosea. Viwango vya tozo hubadilishwa na Sheria ya Fedha, inayoanza kutumika Julai 1, kwa hiyo kwa mteja wa Desemba mwaka mmoja unaweza kuwa na viwango viwili. Kagua kabla ya kunyoosha kidole.

Baada ya kukokotoa, tafuta wafanyakazi hewa: namba moja ya akaunti ya benki kwa majina mawili, mtu asiye na mkataba kwenye faili, aliyeacha kazi Juni na bado analipwa Septemba. Mwangalie mtu huyo kwa macho ikiwezekana.

Wadaiwa wanathibitishwa kwa barua kama benki, na kanuni ni ileile: unaituma wewe, jibu linakuja kwako. Tofauti ni kwamba wengi hawajibu. Basi nenda kwenye malipo waliyofanya Januari na Februari, uoanishe na ankara zilizokuwa zikidaiwa Desemba 31.

Kuandika karatasi ya kazi

Karatasi iwe na jina la mteja, mwaka unaokaguliwa, jina lako na tarehe uliyoifanya, namba ya rejea, kisha sehemu tano. Mfano wa malipo utakuwa hivi:

Lengo: kuthibitisha kwamba gharama za matengenezo zilizoandikwa zilitokea, ni za kampuni na ni za mwaka huu.
Chanzo: leja ya matengenezo Januari hadi Desemba, imetolewa kwenye mfumo mbele yangu, jumla inalingana na urari.
Kazi iliyofanyika: malipo 25 yamechaguliwa, na namna yalivyochaguliwa imeelezwa, kila moja limelinganishwa na ankara, risiti ya EFD, idhini na taarifa ya benki.
Matokeo: 23 hayana kasoro. Vocha 318 haikupatikana. Vocha 402 ni ya Januari ya mwaka unaofuata, sh. 3,200,000.
Hitimisho: isipokuwa kasoro mbili zilizopelekwa kwenye orodha ya kasoro, lengo limefikiwa.

Linganisha na karatasi inayosema, "Tumepitia vocha, ziko sawa." Zipi? Ngapi? Sawa kwa nini? Alama za tiki nazo zielezwe chini ya ukurasa. Tiki isiyo na maelezo ni rangi tu. Hitimisho lijibu lengo lile lile ulilolianzia, maana karatasi nyingi hupima kitu kimoja na kuhitimisha kingine.

Kuhusu chanzo: mteja anayetumia programu ya uhasibu kama QuickBooks au Tally atakupa leja kwenye Excel. Kabla ya kuchagua chochote, jumlisha safu mwenyewe na uilinganishe na urari. Tafuta mistari iliyofichwa. Angalia namba zilizohifadhiwa kama maandishi, ambazo kujumlisha kunaziruka bila onyo. Sampuli iliyochaguliwa kwenye orodha pungufu haina maana, na utagundua hilo saa nne usiku siku ya mwisho.

Viwango huelekeza faili likamilishwe, kwa kawaida ndani ya siku 60 tangu tarehe ya ripoti, na litunzwe kwa kawaida si chini ya miaka 5. Miaka minne kutoka sasa mtu anaweza kulifungua na kukuta jina lako.

Ndiyo maana kuna kosa moja lisilosamehewa: kupiga tiki kwenye kitu ambacho hukukiona. Saa zimekwisha, vocha tano za mwisho ziko Mwanza, ishirini za kwanza zilikuwa safi, na unajiambia hizi nazo ni safi. Ukosefu wa ujuzi hurekebishwa. Hili likigundulika, kila karatasi uliyowahi kuandika inatiliwa shaka na kazi inarudiwa. Andika "20 zimekaguliwa, 5 bado" na umwambie kiongozi wako. Atakasirika kwa dakika kumi.

Kiasi gani ni kikubwa

Kiongozi wa timu ataweka kiwango cha umuhimu, yaani kiasi ambacho kosa likikifikia linaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji wa hesabu. Mfano wa kawaida: mauzo bilioni 8, asilimia 1 ni milioni 80, kiwango cha kufanyia kazi, kilicho chini zaidi kwa tahadhari, huchukuliwa kati ya asilimia 50 na 75 ya hapo, tuseme milioni 60, na kosa lililo chini ya asilimia 5 ya ile milioni 80, yaani milioni 4, huhesabiwa dogo mno kuingia kwenye majumlisho. Mwanagenzi husikia hivyo akaanza kutupa kila kitu kilicho chini ya milioni 4. Usitupe. Andika, halafu aliye juu yako aamue, kwa sababu kosa la laki mbili lililotokana na saini ya kughushi si sawa na kosa la laki mbili la kuandika 6 badala ya 8.

Watu wa mteja

Mhasibu utakayemkuta huenda ana miaka 20 kazini, na wewe umekuja na orodha ya kumwongezea kazi. Mwamkie kwa heshima kabla ya kufungua kompyuta. Kusanya maswali yako, umwendee mara mbili kwa siku, usimgongee kila dakika tano. Maombi ya nyaraka yawe kwenye orodha moja yenye tarehe, ili ijulikane kilichotolewa na kilichobaki, na majalada uliyopewa yarudi kwa mpangilio uliyoyakuta. Uliza "naomba unielekeze muamala huu ulivyokwenda" badala ya "kwa nini hamkufanya hivi?" Mtu akieleza mwenyewe, husema mengi kuliko akijitetea.

Akikujibu, jibu hilo ni mwanzo. "Mhasibu amesema ni mkopo wa mkurugenzi" si ushahidi mpaka umeona mkataba au fedha ikiingia. Na kama hukuelewa, rudi uulize siku hiyo hiyo. Swali la mwanagenzi wiki ya kwanza ni la kawaida. Swali lile lile wiki ya tano, baada ya kuandika karatasi nzima kwa kubahatisha, linauma. Mwendee kiongozi wako ukiwa umeshajaribu: "Nimeona hiki, nadhani ni hiki, nimekwama hapa."

Chakula cha mchana cha pamoja kwa kawaida hakina shida. Bahasha ya "nauli", simu mpya, bidhaa za bure za kwenda nazo nyumbani, kataa na umjulishe meneja hata ulipokataa. Kama una ndugu kwenye idara ya fedha ya mteja, au una hisa zake Soko la Hisa la Dar es Salaam, tangaza kabla hujapangiwa kazi hiyo. Habari za mteja hazizungumzwi kwenye daladala, na picha za vocha hazikai kwenye WhatsApp yako binafsi.

Mtihani

Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, hufanyika Mei na Novemba. Ya Mei inaangukia katikati ya mbio za Juni 30, ukiwa unatoka kwa mteja saa mbili usiku. Kwa mtu anayeanza kazi Januari, mimi ningechagua Novemba. Lakini uliza kwanza ofisi yako ina wateja gani. Taasisi za umma hufunga mwaka Juni 30, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huzipa kampuni binafsi baadhi ya kaguzi hizo; ofisi yenye wateja hao ina msimu wa pili kuanzia Agosti, ukaelekea Novemba yenyewe. Ikiwa ndivyo, Mei na Novemba hazitofautiani sana, na afadhali ufanye mtihani Mei wakati masomo ya chuo bado yako kichwani. Vyovyote utakavyoamua, omba likizo ya mtihani kwa maandishi wiki ya kwanza, kabla ratiba ya kazi haijatolewa, kwa sababu majina hupangwa kwa wiki na kwa mteja, na aliyekwisha kupangwa Mtwara mwezi Mei huondolewa kwa shida.